Unapenda picha za ubongo? Uliza kwanza habari za tumbo

Kila kundi jipya la madaktari wa mafunzo tarajali linapopita idarani kwetu, hakosi mmoja wa kubaki nyuma wenzake wakienda kula. Anavuta kiti, anaangalia skrini kidogo, kisha swali linatoka: "Dokta, mimi ubongo ndio ninaoupenda. Nisome radiolojia, hii fani yenu ya kusoma picha za ndani ya mwili, au nisome mishipa ya fahamu?" Mwingine huongeza upasuaji wa ubongo. Kuna mmoja aliyetaka kujua kama bingwa wa magonjwa ya akili naye anaweza kuendesha maisha yake kwa kusoma MRI, zile picha zinazopigwa kwa sumaku.

Zamani nilikuwa nawapa hotuba. Siku hizi nauliza swali moja tu: umewahi kushinda kwenye chumba cha ultrasound kutwa nzima, tumbo baada ya tumbo, mimba baada ya mimba, figo, kibofu, tezi dume? Wengi hucheka wakidhani nawatania. Sitanii. Anayeingia radiolojia kwa ajili ya ubongo ataupata, lakini kabla ya kuufikia atapita kwenye vifua, matumbo, matiti na mifupa ya watoto, na hata akishaufikia hataachiwa akae nao peke yake. Mabingwa wa radiolojia nchini ni wachache mno kwa hospitali yoyote kumruhusu mmoja wao aseme, "Mimi ni wa kichwa tu." Mimi nina mafunzo ya ziada ya picha za ubongo na uti wa mgongo, na jana nusu ya kazi yangu ilikuwa mawe ya figo.

Naandika haya kama mtu aliyetoka upande wa pili. Mpango wangu nilipomaliza shahada ya udaktari ulikuwa kuwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Mapenzi hayo niliyapatia wodini, nikimfuata mwalimu mmoja aliyetembea na nyundo ya mpira mfukoni na pini ya nguo kwenye ukosi wa koti. Alikuwa hagusi bahasha ya picha mpaka awe amempima mgonjwa kuanzia macho hadi unyayo na kututajia tatizo liko wapi: upande gani, juu au chini, kwenye gamba la ubongo au ndani zaidi. Akishataja, ndipo anatoa filamu na kuipandisha kwenye taa. Mara nyingi alipatia, na sisi wanafunzi tulimwona kama mganga.

Ngazi ya kuifikia fani yake ndiyo iliyokuwa ndefu. Kwetu Tanzania udaktari ni miaka 5, tarajali mwaka 1, kisha watu wengi hufanya kazi kwanza ndipo warudi shule. Mishipa ya fahamu huiingii moja kwa moja. Unasoma kwanza MMed, yaani shahada ya uzamili ya ubingwa, ya magonjwa ya ndani, au ya watoto ukitaka kushughulika na watoto, halafu ndipo utafute ubingwa bobezi. Radiolojia ni tofauti: unaiingia ukiwa daktari wa kawaida, pale Muhimbili kwa miaka 3, Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka 4, na ukitoka ni bingwa tayari. Kubobea kwenye picha za ubongo kunafuata baadaye, na mara nyingi ni kwa kusafiri.

Lakini si urefu wa ngazi ulionihamisha. Nilifanya kazi kwa miaka michache katika hospitali moja ya mkoa ambayo wakati huo haikuwa na CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili vipande vipande. Mgonjwa anakuja amepooza upande mmoja, shinikizo la damu liko juu, ndugu wamejaa korido nzima wanakutazama wewe. Hapo kitandani, hata uwe na nyundo na pini na ujuzi wa mwalimu wangu yule, huwezi kuapa kwamba mshipa umeziba au umepasuka. Na tiba zake zinapingana: mmoja unampa dawa ya kuzuia damu isigande, mwingine ukimpa dawa hiyo unaweza kumuua. Tulikuwa tunaandika rufaa na gari linaondoka usiku. Picha ndiyo ilikuwa inaamua, na picha ilikuwa mbali. Nikaona afadhali niwe upande wa anayeisoma.

Siku hizi hali imegeuka. Ule mkopo wa IMF wa 2021, shilingi trilioni 1.3 zilizotolewa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, ulipeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Picha zinapigwa kila siku mahali ambapo mimi nilikuwa natafuta dereva wa gari la wagonjwa. Wasomaji ndio hawajafika. Kwa hiyo kijana anayeuliza leo anauliza katika soko zuri kuliko langu, na hilo namwambia wazi.

Watu wa radiolojia hupenda kujitangaza kama wenye mali, eti picha ni yetu. Kwa upande wa ubongo, ukiipeleka hoja hiyo mahakamani kwa kutumia historia, tutashindwa. Aliyebuni njia ya kuionyesha mifuko ya maji ya ubongo kwenye eksirei ni Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Baltimore, mwaka 1918. Alitoa maji akaingiza hewa, na hewa ikajichora kwenye filamu. Aliyeanza kuonyesha mishipa ya damu ya ubongo ni António Egas Moniz wa Lisbon, mwaka 1927, naye alikuwa wa mishipa ya fahamu. (Nobeli yake ya 1949 hakuipata kwa kazi hiyo nzuri. Aliipata kwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo kwa wagonjwa wa akili, jambo ambalo leo hakuna anayelisimulia kwa fahari.) Na CT yenyewe ilitengenezwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ambaye hakuwa daktari kabisa. Mgonjwa wa kwanza aliingia kwenye mashine hiyo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, na hapo tu ndipo anapotokea mtu wa radiolojia, James Ambrose, aliyefanya kazi bega kwa bega na Hounsfield. Mashine ile ya kwanza ilikuwa inapiga kichwa peke yake.

Kwa maoni yangu fani yetu iliupata ubongo kwa sababu ya ukubwa wa mashine. Kifaa cha kusukuma hewa kinakaa kwenye trei ya daktari yeyote. CT inataka chumba chenye kuta za madini ya risasi ya kuzuia mionzi, umeme wa uhakika na watu wa kuilinda, kwa hiyo inakaa sehemu moja, na aliyeko sehemu hiyo ndiye anakuwa mwenyeji wake. Nalieleza hili kwa vijana kwa sababu mvutano kati ya fani hizi haujaisha, na anayetaka kuingia kwenye picha za ubongo anaingia katikati ya mvutano huo.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba miaka haihamishiki. Kuna mwenzangu aliyekuwa anakaribia kumaliza MMed ya magonjwa ya ndani akagundua kwamba raundi zinamchosha na kinachomvuta ni picha. Alidhani angalau mwaka mmoja ungehesabiwa. Haukuhesabiwa. Alianza mwaka wa kwanza wa radiolojia pamoja na watu aliokuwa akiwafundisha wodini, akikaa kwenye fizikia ya mionzi, nusu uhai, vipimo vya dozi na jinsi wimbi la sauti linavyorudi kutoka kwenye ini. Na kabla ya kufika huko ilibidi apitie kwa mwajiri, kwa sababu alikuwa amepewa ruhusa na ufadhili kwa kozi moja, kisha anarudi kuomba nyingine. Barua zile zilikula muda kuliko mtihani wowote. Kwa hiyo anayefadhiliwa, iwe na mwajiri wake au kwa ule mpango wa Serikali wa ufadhili wa Samia kwa ubingwa na ubingwa bobezi, afanye kugeuka kwake kabla ya kujaza fomu.

Nje nako si tofauti sana. Uingereza radiolojia ni miaka 5 ya mafunzo ya ubingwa, picha za ubongo zikiwa sehemu ya miaka ya mwisho, na anayetaka kufanya tiba kupitia mishipa anaongezewa mwaka wa 6. Daktari wa mishipa ya fahamu anayetaka kuhamia anapanga foleni na wanaotoka tarajali. Marekani hesabu ni mwaka 1 wa tarajali, 4 ya radiolojia, na 1 wa picha za ubongo. Mishipa ya fahamu nayo ni 4 pamoja na tarajali, na ukivuka kwenda radiolojia unaanza upya, tena hospitali zinasita kukupokea kwa sababu mfuko wa Serikali unaolipia mafunzo hupunguza malipo kwa mtu anayesoma ubingwa wa pili. Bodi za fani hizo mbili ziliwahi kukubaliana mpango wa pamoja wa miaka 7 wa kukupa vyote viwili. Mimi sijakutana na mtu aliyeupitia.

Huko huko Marekani daktari wa mishipa ya fahamu ana njia yake ndogo. Anaweza kusoma mafunzo maalumu ya picha za ubongo na kupata cheti cha baraza la ubobezi wa fani yake, linaloitwa UCNS. Ni njia nzuri kwa anayetaka kusoma picha za wagonjwa wake mwenyewe, kufanya utafiti wa kusinyaa kwa ubongo kwa wazee, au kufundisha. Asitarajie tu kwamba hospitali itamweka kwenye zamu ya kutoa ripoti usiku. Hiyo, karibu kila mahali, imebaki kwa radiolojia. Yule wa magonjwa ya akili nilimwambia kitu cha namna hiyo hiyo: picha za jinsi ubongo unavyofanya kazi, zile zinazofuatilia mabadiliko ya oksijeni kwenye damu na ambazo Seiji Ogawa alionyesha msingi wake mwaka 1990, zinakaa zaidi kwenye maabara za utafiti. Huko anaingia na shahada ya uzamivu na takwimu nyingi, na ubingwa wake wa magonjwa ya akili ni mtaji mkubwa. Lakini huo ni mshahara wa mtafiti, ukitegemea fedha za miradi.

Watu wetu wengi wanaobobea huenda India. Huko picha za ubongo ni shahada kamili ya ubobezi, DM ya miaka 3 juu ya MD ya radiolojia (MD ya kwao ni shahada ya ubingwa), na taasisi kama NIMHANS ya Bengaluru inaona wagonjwa wa ubongo na akili peke yao. Mimi nilikwenda India kwa mafunzo mafupi zaidi, katika hospitali kubwa ya namna hiyo, na kilichonikaa ni kikao cha asubuhi. Daktari wa mishipa ya fahamu anasimama anaeleza historia na vipimo vya kitandani. Skrini iko giza. Sisi wa radiolojia tunatakiwa kusema tutaona nini na wapi, kabla ya picha kufunguliwa. Siku za kwanza wageni tulikuwa tunainamisha vichwa. Ila kwangu mimi ilikuwa kama nimerudishwa kwa yule mwalimu wa pini, na miaka ile niliyodhani nimeitupa nikiota kuwa bingwa wa mishipa ya fahamu ikaanza kunilipa.

Maana fomu za kuombea picha tunazozipata ndizo hizi: "Amepooza. CT ya kichwa tafadhali." Basi. Nikiwa bado mkurufunzi nililetewa mama mmoja wa makamo kwa fomu kama hiyo, kutoka hospitali ya wilaya. CT ya kichwa ilikuwa safi. Ningeweza kuandika "haina tatizo" na kuendelea na foleni, na kwa karatasi ningekuwa nimemaliza kazi. Nikatoka kwenda kumwona, alikuwa bado kwenye machela koridoni, binti yake ameshika khanga iliyofunika miguu. Mikono ilikuwa na nguvu zote. Aliongea vizuri, uso haukupinda. Miguu yote miwili ndiyo haikunyanyuka. Nikaomba pini, binti akachomoa moja kwenye khanga. Nikaanza kumgusa kuanzia mapajani kupanda juu, nikimuuliza kama anasikia ncha. Hapana, hapana, hapana. Tulipovuka kitovu akashtuka: "Hapo unanichoma, mwanangu."

Mstari wa kitovu ni neva ya 10 ya kifua. Uti wa mgongo ni mfupi kuliko mfereji wake wa mifupa, kwa hiyo sehemu hiyo ya uti iko karibu na pingili ya 8. Nikamwomba mteknolojia wa mionzi ambaye alishaanza kuzima taa atusaidie kumrudisha mezani, tukapiga mgongo wa kifua badala ya kurudia kichwa. Pingili ya 8 na ya 9 zilikuwa zimeliwa, nafasi kati yao imekwisha, na pembeni kuna usaha unaosukuma kuelekea kwenye uti. Kifua kikuu cha mgongo. Alianza dawa na akapelekwa kwa watu wa upasuaji wa mgongo wiki ile ile.

Hakuna mashine iliyonionyesha niangalie wapi. Ni ile ramani ya neva niliyoikariri nikiwa nataka fani nyingine. Ndiyo maana namwambia kijana anayechagua radiolojia kwamba akae kwanza wodi ya mishipa ya fahamu kwa muda wote anaoweza kuupata, ajue kupima, kwa sababu akishaingia chumba cha kusomea picha hakuna atakayemfundisha tena. Na anayechagua mishipa ya fahamu namwambia aje akae kwetu, ajue kwamba rangi ya kijivu na nyeupe ya ubongo kwenye CT zimetofautiana kwa takriban vizio 10 tu vya Hounsfield, kipimo cha weupe na weusi wa CT, na ndiyo sababu kiharusi cha saa chache hupotea machoni. Ukiliacha dirisha la skrini, yaani idadi ya vizio vinavyogawanywa kati ya weusi na weupe, kwenye upana wa kawaida wa 80 huoni kitu. Ukilibana hadi 40, ule ukungu unaanza kujitokeza.

Hapa niseme neno kuhusu picha za WhatsApp. Karibu kila jioni napokea moja: mtu amepiga skrini ya CT kwa simu, kwa pembe, taa ya dari inang'aa katikati ya ubongo, na chini ameandika "Mkuu, unaonaje?" Naona taa ya dari. Picha ya simu haina dirisha la kubana, haina vipande vya juu na chini, haina namba. Damu mbichi inayosoma vizio 50 hadi 80 naweza kuikisia, lakini kiharusi cha mapema siwezi. Nitumieni faili lenyewe, jamani, hata kama litachukua nusu saa kupanda.

Kuna mambo ambayo picha haiyamalizi hata ikiwa safi kiasi gani, na kwetu ni mengi. Mgonjwa mwenye VVU na kinga iliyoshuka, ubongo una vivimbe vyenye pete inayong'aa baada ya dawa ya kung'arisha. Inaweza kuwa vimelea vya toksoplasma, inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa saratani ya limfu. Ninaweza kuegemea upande mmoja, ila mara nyingi wa wodini ndiye anayeamua: anaanza tiba ya toksoplasma, wiki mbili baadaye tunarudia picha, tunaona kama vimepungua. Au kifafa cha watu wazima wa maeneo ya wafugaji wa nguruwe kama Mbulu, ambako watafiti wa hospitali ya Haydom wamelifanyia kazi suala la tegu wa nguruwe kwa miaka mingi. CT inaonyesha nukta ya chokaa, tena inaionyesha vizuri kuliko MRI ya kawaida. Lakini je, nukta hiyo ndiyo inayoleta kifafa, au imekaa tu hapo tangu zamani? Bila mtu wa kueleza degedege lake linaanzia mkono upi, ripoti yangu ni nusu ripoti.

Upande wa tiba kupitia mishipa ndiko wanakokimbilia wengi sasa, na sishangai. Tangu 2015, tafiti kubwa zilipothibitisha kwamba kuvuta donge la damu kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, ndani ya saa 6 za kiharusi kunaokoa watu na ulemavu, kila fani imeutaka ujuzi huo. Radiolojia inasema katheta ni yetu, upasuaji wa ubongo unasema ubongo ni wetu, mishipa ya fahamu inasema mgonjwa wa kiharusi ni wetu. Marekani wote watatu wanapita kwenye mafunzo hayo, kila mmoja akianzia kwake. Uingereza walizoea kuwaachia radiolojia, kisha wahitaji wakazidi, ikabidi itengenezwe njia maalumu ya mafunzo inayowaruhusu na wengine. Hapa kwetu Muhimbili mafunzo ya tiba radiolojia, yaani kutibu kwa waya na katheta ukiongozwa na picha, yalianza 2018, wakufunzi kutoka nje wakija kwa zamu, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo hapo, ikaja kuyafanya shahada. Hiyo ni tiba ya mwili mzima, nyongo, ini, mifereji ya mkojo, lakini mkono uliozoea waya na katheta huko hauanzii sifuri ukifika shingoni.

Ninachowaonya ni ratiba yake. Donge la damu halijui Jumapili. Kama unachopenda kwenye ubongo ni utulivu wa kukaa na picha na kufikiri, kazi ya katheta itakunyang'anya hicho hicho. Na pasipo mfumo wa kumfikisha mgonjwa mapema, unaweza kuwa na ujuzi wote na ukakaa ukisubiri, kwa sababu waliokuja wamechelewa siku mbili.

Ukishaamua fani, usichague chuo kwa jina lake tu. Nenda kaone. Uliza kama MRI inafanya kazi leo, achana na kama ipo. Uliza kama kuna kikao cha pamoja cha wiki ambacho upasuaji wa ubongo, mishipa ya fahamu na radiolojia wanakaa chumba kimoja. Mahali ambapo hakuna kikao hicho, utajifunza kuona vitu bila kujua vilimfanyia nini mgonjwa. Chungulia pia ripoti za usiku zinasomwa na nani. Hospitali ambayo mkurufunzi anasoma peke yake usiku na bingwa anapitia asubuhi pamoja naye, mstari kwa mstari, ndiyo utakayotoka nayo ukiwa mtu. Ambayo bingwa anasaini tu, utajifundisha mwenyewe.

Na kwa ambaye tayari ni bingwa wa magonjwa ya ndani, ana familia, ana mkopo wa nyumba, na anaamka kila siku akitamani picha za ubongo: mimi simshauri aanze radiolojia upya, labda kama tumbo, kifua na ultrasound anavipenda kweli. Afungue kliniki ya kiharusi au ya kifafa hapo hapo alipo. Aombe akaunti ya kuona picha kwenye mfumo wa hospitali badala ya kungoja karatasi. Aje kwetu mara moja kwa wiki na majalada yake. Ninaye mmoja wa aina hiyo tunafanya naye kazi, bingwa wa magonjwa ya ndani aliyeamua kubaki wodini. Fomu zake zinakuja hivi: "Mkono na uso upande wa kulia, maneno hayatoki lakini anaelewa, tangu saa 12 asubuhi, shinikizo 190 kwa 110, naomba uangalie mshipa wa kati wa kushoto." Foleni iwe ndefu namna gani, hiyo naianza.